Nani Aliyeshika Pazia?

Kila hadithi inapokwisha darasani, mwalimu huuliza: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Nimeliuliza swali hilo miaka mingi nikiwa kazini, na mahali pake sina ugomvi nalo. Hata hivyo zipo hadithi ambazo swali hilo likitangulia huziba njia. Mojawapo ni hadithi ya mtoto anayewakusanya wenzake wa jirani na kuandaa mchezo wa kuigiza. Mtoto anayeisoma huku akisubiri kuulizwa funzo ataleta funzo bila taabu: tushirikiane, tutumie vipaji vyetu, tusikate tamaa. Mwalimu ataweka alama ya vema. Lakini kitu alichokuwa nacho mtoto yule mikononi kilikuwa maelezo ya kazi, jinsi watu wachache wasio na fedha walivyotengeneza jambo mbele ya macho ya watu, na maelezo hayo yamempita.

Nataka kueleza kwa nini nadhani hadithi za aina hii zisomwe kwa swali jingine, yaani kazi ilifanyikaje na nani aliifanya. Mfano wangu ni sura moja tu, ya pili, katika kitabu cha Little Women cha Louisa May Alcott, kilichotoka Marekani mwaka 1868. Nimeisoma na mjukuu wangu wa miaka 11, ambaye nyumbani kwao ni Katesh, wilaya ya Hanang, na wakati wa likizo huja kwangu Mbulu. Kitabu ni cha Kiingereza, naye Kiingereza chake bado ni cha shule ya msingi. Kwa hiyo mimi husoma kimoyomoyo na kutamka kwa Kiswahili, na panapotakiwa kucheka hasa tunaingia Kiiraqw.

Msomaji ambaye hajakiona kitabu hicho ajue hivi. Nyumba moja ina wasichana wanne: Meg wa miaka 16, Jo wa 15, Beth wa 13 na Amy wa 12. Baba yao yuko kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa tangu 1861 hadi 1865, na fedha nyumbani ni haba. Usiku wa Krismasi wanawaalika wasichana wenzao wapatao kumi na wawili, wanawapandisha juu ya kitanda kilichogeuzwa kuwa viti vya heshima, na mbele yao wanaonyesha mchezo wenye mchawi, mashujaa, kasri na sumu. Mwenye kuuendesha ni Jo. Mwandishi hakuyatoa hayo hewani. Alizaliwa 1832, na utotoni yeye na dada zake walikuwa wakiigiza nyumbani kwao. Baadhi ya michezo yao ilichapishwa 1893, miaka mitano baada ya kifo chake. Ndiyo maana sura ile ina harufu ya kazi iliyofanywa kweli.

Alcott anataja vifaa kimoja kimoja, na hapa ndipo anayemsomea mtoto anapotakiwa kupunguza mwendo. Magitaa ni ya boksi gumu. Taa za kale ni vyombo vya siagi vya mtindo wa zamani vilivyofunikwa kwa karatasi ya rangi ya fedha. Majoho ni ya pamba kuukuu, yanametameta kwa vipande vya bati vilivyotoka kiwanda cha achari, na mavazi ya vita yamepambwa kwa vipande vya namna hiyo hiyo, masalia ya bati lililokatwa vifuniko vya makopo. Buti za ngozi anazovaa Jo zimetoka kwa rafiki aliyemfahamu bibi mmoja aliyemfahamu mwigizaji. Msomaji wa haraka ataona hayo ni mapambo ya maandishi tu. Mtoto akisomewa polepole ataona namna ya kupata vitu usivyoweza kuvinunua.

Nilimpa mjukuu wangu daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja akaandika kilichotakiwa, upande wa pili kilichotumika. Halafu, bila mimi kumwambia, akaanza ukurasa mwingine wa kwake. Kwa taa aliandika kopo la maziwa. Kwa vipande vya bati, vifuniko vya soda vilivyopondwa kwa jiwe. Kwa joho, shuka la babu, ambalo kwa baridi ya Mbulu silitoi kwa urahisi. Mwishoni akaandika sketi ya ngozi ya bibi mmoja wa Kidatoga, jirani yao huko Katesh. Hapo nilimsimamisha. Sketi ile ni vazi la heshima la mwanamke aliyeolewa, haiazimwi kama kopo. Tulirudi kwenye buti za Jo, tukahesabu mikono ambayo zilipitia kabla ya kumfikia, na kila mkono uliridhia. Mtoto akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Basi nitamwomba bibi mwenyewe aje ameivaa, awe malkia." Hiyo ndiyo akili ya mtayarishaji, na sidhani kama swali la funzo lingeiamsha.

Katikati ya mchezo wa Jo mnara unaanguka. Zara, binti aliyefungiwa humo, anapotaka kushuka kwa mpenzi wake Roderigo, mkia wa gauni lake unanasa dirishani, mnara unayumba, kisha unaanguka kwa kishindo na kuwafunika wapenzi wote wawili. Buti za Jo zinaonekana zikitikisika kwenye kifusi. Amy anachomoza kichwa na kulalamika kwamba aliwaonya mapema. Papo hapo mwigizaji mwingine, anayecheza sehemu ya baba mkali, anaingia mbio, anamvuta binti yake pembeni na kumnong'oneza asicheke, waendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha anamgeukia kijana na kumfukuza kutoka katika ufalme wake kwa hasira kubwa. Mchezo unaendelea.

Ni rahisi kulisoma tukio hili kama kichekesho na kupita. Kwangu mimi ndilo kiini cha sura nzima. Jo, anayeendesha mambo yote na kucheza sehemu za wanaume, wakati huo yuko chini ya mbao na vitambaa. Aliyeuokoa mchezo ni mwingine, aliyekuwa akingoja zamu yake na ambaye macho yake hayakuwa yamelala. Alcott hatoi hotuba juu ya jambo hili, analionyesha tu. Tulipofika hapo nilifunga kitabu kabla ya yule baba mkali kuingia, nikamwuliza mtoto: "Sasa wafanyeje?" Akafikiri, akajibu: "Wafunge pazia." Mara akauliza yeye: "Lakini babu, pazia ameshika nani?"

Kitabu hakisemi. Kengele inalia, mapazia ya rangi ya buluu na njano yanafunguka, basi. Tunaambiwa kwamba kwa uchache wao, waigizaji wakuu wawili walibeba sehemu kadhaa kila mmoja, wakibadili mavazi mbio mbio na huku wakilitazama jukwaa. Mkono wa pazia upo, ila haukutajwa. Mjukuu wangu aliamua kuwa ni wa Beth, yule mpole mwenye haya asiyependa kutazamwa. Sikumpinga, kwa maana hakuna neno katika sura hiyo linalomkataza kusema hivyo. Tangu siku hiyo, kila tulipomaliza kipande cha hadithi yoyote, aliuliza swali lake la pazia, akimaanisha: ni nani aliyefanya kazi ambayo haikutajwa? Sijakutana na swali la uhakiki linalomfaa mtoto kuliko hilo.

Nasema hivi nikifikiria njia ambayo watoto wetu wengi hulijua jukwaa kwa mara ya kwanza, yaani ngonjera. Marehemu Mathias Mnyampala alizikuza, na kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA kilipotoka mwaka 1970 shule nyingi zilipata chombo cha kupeleka ujumbe. Nimeona watoto wakizitamka kwa ufasaha wa kusisimua mbele ya mgeni rasmi. Lakini beti kwa kawaida ni za mwalimu, mpangilio ni wa mwalimu, na mtoto akisahau mstari humtazama mwalimu. Hana mnara wa kujenga, na kwa sababu hiyo hana kifusi cha kutokea. Anatoka pale amejifunza kusema mbele ya watu, jambo ambalo si dogo. Kuandaa hajajifunza.

Kwa upande mwingine, mila ya Wairaqw ina kitu ambacho nyumba ya Jo haina. Katika slufay, yale maneno ya maombi na baraka, mzee mmoja hutamka na watu waliohudhuria huitikia kwa pamoja. Hakuna anayekuja kutazama tu. Msemaji asipoitikiwa, hakuna slufay. Ukiwalinganisha nao, wale wasichana walioketi kitandani kwa kina Jo ni hadhira hafifu. Wanapiga makofi mpaka kitanda chenyewe, kilichokuwa cha kukunja, kinajikunja na kuwameza, nao wanaopolewa wakiwa hawajiwezi kwa kicheko. Alcott anawaingiza hadhira mchezoni kwa ajali. Mzee wa Kiiraqw huwaingiza kwa makusudi, tangu neno la kwanza. Nilimwambia mjukuu wangu hivyo, nikamwekea mezani kitabu cha W. D. Kamera cha Hadithi za Wairaqw wa Tanzania, kilichotoka 1978, ili atafute namna ya hadithi ambayo majirani zake wangeweza kuiitikia.

Hapo likazuka jambo ambalo Jo hakuwa nalo hata kidogo, nalo ni lugha. Wasichana wote wa kitandani walisema Kiingereza. Mbulu na Hanang sivyo zilivyo. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, Kinyaturu na Kinyiramba ni za Kibantu, na upande wa Bonde la Yaeda wapo Wahadzabe, ambao undugu wa lugha yao na nyingine yoyote haujathibitishwa. Mtoto wa Katesh akiita watoto wa jirani kumi na wawili, benchi moja linaweza kuwa na lugha tatu za nyumbani. Akichagua Kiswahili peke yake, mchezo utaeleweka ila utafanana na shule. Akichagua Kiiraqw, yule bibi wa sketi ya ngozi atakuwa mgeni katika ua wa jirani yake. Mjukuu wangu alilizungusha jambo hili siku mbili. Akaamua wahusika waseme Kiswahili, na maitikio yawe kwa lugha ya kila mtu. Sijui kama mtaalamu wa tamthilia angekubali, lakini naona ni uamuzi mkubwa kuliko wowote ambao Jo alitakiwa kuufanya usiku ule.

Sasa niseme kasoro ya sura hii, maana mtu mzima anayemwongoza mtoto hana budi kuiona. Mchezo unapokwisha, Hannah, mtumishi wa nyumba, anawaita mezani. Wanakuta aisikrimu ya rangi mbili, keki, matunda, peremende za Kifaransa na mashada manne makubwa ya maua. Vimeletwa na mzee Laurence, jirani tajiri, aliyesikia kwamba asubuhi ile wasichana walitoa kifungua kinywa chao kwa familia ya Hummel, mama mwenye kichanga na watoto sita waliojibana kitanda kimoja bila moto. Karamu basi ni tuzo ya wema wa asubuhi. Mchezo wenyewe haujaleta chochote. Mwandishi ambaye muda mfupi uliopita alituonyesha kazi kwa uaminifu mkubwa anageuka kuwa mwalimu wa darasani na kutupa funzo: kuwa mwema, tajiri atakuona.

Funzo hili halimfai mtoto anayetaka kuandaa mchezo mtaani kwake, kwa sababu litamfundisha kungoja mfadhili. Hali kadhalika mjukuu wangu alishangaa kwamba watu wanaojiita maskini wana mtumishi. Na alipoambiwa habari za watoto wa Hummel aliuliza walikaa wapi wakati wa mchezo. Nilirudi nyuma kutafuta. Hatuambiwi kwamba walialikwa. Walipewa chakula asubuhi, na jioni hawatajwi kitandani. Alcott alikuwa na huruma ya kweli, maana nyumba yao ilionja ufukara, lakini huruma yake hapa inapeleka uji kwa maskini na kuwasahau kwenye starehe. Mtoto wa Katesh aliliona kwa sababu alikuwa akihesabu watu.

Swali lake gumu zaidi lilikuja mwisho. "Babu, baba yao yuko vitani. Mbona wanaigiza mchawi?"

Sikumjibu siku hiyo, kwa kuwa nilijua linatoka wapi. Tarehe 3 Desemba 2023 mafuriko ya tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Yeye alikuwepo. Baada ya hapo watoto wa mtaani kwao walikuwa wakiucheza msiba huo mavumbini, mmoja akiwa mlima, wengine wakikimbia, na watu wazima wakawa wanawafukuza.

Historia ya michezo ya kuigiza Afrika Mashariki inaweza kunifanya nimjibu kwamba Jo alikosea, kwamba igizo la kweli husema yaliyo nyumbani. Kamĩrĩĩthũ, Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi waliigiza maisha yao wenyewe katika uwanja waliojijengea, kwenye mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ. Serikali ikaupiga marufuku mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Hapa kwetu, mradi wa Tuseme, ulioanzishwa 1996 na Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliwapa wasichana wa sekondari njia ya kuigiza matatizo yao wenyewe na kuyasema hadharani. Nayaheshimu mambo hayo mawili. Lakini watu wa Kamĩrĩĩthũ walichagua wenyewe waseme nini, na jina la Tuseme lenyewe ni la watu wanaotaka kusema. Mtu mzima akimwambia mtoto "igiza lile tope, wageni waone", amefanya kitu kingine. Ameuchukua msiba wa mtoto na kuufanya ngonjera.

Kwa hiyo nilipomjibu nilisema kwamba pengine Jo hakuvikimbia vita. Mtoto ambaye hawezi kumrudisha baba yake anaweza kujenga mnara, ukaanguka, akatoka chini yake akiwa hai, na wenzake wakacheka. Hilo nalo ni jibu kwa huzuni, ingawa halitaji jina lake. Asitumwe kuutaja, wala asikatazwe akitaka. Nilimwambia kwamba daftari ni lake.

Mchezo alioutunga ulihusu fisi aliyejenga nyumba kwenye mkondo wa maji, na wanyama waliomwendea mmoja mmoja kumshauri ahame, kila mmoja akiitikiwa na watu wote. Sikumwuliza kwa nini fisi, wala kwa nini mkondo.

Kwa wale watakaotaka kuendelea baada ya Alcott, kipo The Swish of the Curtain cha Pamela Brown, kilichotoka Uingereza mwaka 1941. Mwandishi alianza kukiandika akiwa na miaka 14, nacho kinasimulia watoto saba waliopata jengo dogo la ibada lililokuwa halitumiki wakalifanya ukumbi wao. Humo kazi ya maandalizi inajaza kitabu kizima, kumbe kwa Alcott ni sura moja. Na anayemwona Jo akiyaacha majukwaa anapokua asikate tamaa upesi: katika Jo's Boys cha mwaka 1886 yuko tena kwenye maandalizi ya michezo, safari hii akiwa mwenye shule na vijana wamemzunguka. Vitabu vyote hivyo visomwe kwa daftari lenye mstari katikati.

Wazazi na walezi wataniuliza wao wafanye nini. Waazime benchi. Watoe shuka, hata kama ni usiku wa baridi. Watoe kiingilio kidogo, ili mtayarishaji ajue kazi yake ina thamani bila kungoja jirani tajiri. Mnara ukianguka wasikimbilie kuusimamisha. Na wakiombwa kushika pazia, waende nyuma walishike, wakae kimya, wafungue watakapoambiwa na mtoto.